Mama Pindo na Vitenzi vya Kiitaliano

Wateja walimwita Mama Pindo, na jina lilimkaa kama lililopimwa kwa futi. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, hakuanza na mkasi. Kwanza aligeuza pindo, akalipitisha kidoleni polepole, akalitazama kama daktari anavyotazama ulimi wa mgonjwa, kisha akasema, "Hili lilishonwa na mtu mwenye haraka zake." Hapo ujue suruali inafumuliwa yote, hata pale pasipo na kasoro, nawe utarudi keshokutwa upende usipende. Hakuwa mtu wa kubishana. Alikuwa mtu wa kufumua na kuanza upya, na akishaanza, hata umwambie nyumba inaungua, atakuambia ngoja nimalize mshono.

Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele, dirishani, penye mwanga. Nyuma ya ukuta wake ilikuwa sebule, na sebule hiyo jioni iligeuka darasa. Mume wake alifundisha Kiitaliano katika chuo cha hoteli: mchana chuoni, jioni nyumbani kwa wale wenye ulimi mzito au mtihani karibu. Mama Pindo alimwita Mwalimu, kama walivyomwita wanafunzi. Yeye alimwita mkewe Fundi. Hata walipogombana waliitana hivyo hivyo, kiasi kwamba binti yao alipokuwa mdogo alidhani ndiyo majina waliyozaliwa nayo.

Kwa hiyo Mama Pindo alishona miaka nenda miaka rudi huku akisikia vitenzi kupitia ukutani. Parlo, parli, parla. Nasema, unasema, anasema. Mwalimu aligonga meza kwa rula kila ilipofika silabi ya kukaziwa, na wanafunzi waliitikia kwa pamoja kama watu wanaovuta gogo. Kiitaliano chenyewe Mama Pindo hakukitaka. Alisema ni lugha ya watu wanaogombana wakiwa wameshiba.

"Kaa nikufundishe, Fundi," Mwalimu alimwambia mara nyingi. "Kitenzi ni kama nguo. Mwili ni ule ule, unabadilisha pindo tu."

"Mapindo ninayo ya kunitosha," akajibu, akaendelea kukanyaga pedali.

Asubuhi moja Mwalimu akiwa chuoni mbele ya ubao, chaki ilimponyoka. Wanafunzi walisema baadaye kwamba hawakushtuka, kwani mwalimu gani hajawahi kuangusha chaki? Aliinama kuiokota, na hakuinuka.

Ni kiharusi, walisema hospitali. Aliporudi nyumbani mguu wa kulia ulianza kutii mapema, kwa kuburutwa. Mkono ulining'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Lakini kilichowauma wote ni kinywa. Mtu aliyeishi kwa kusema, aliyeweza kubishana na redio mpaka redio ikazimwa, alirudi na neno moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "basi".

"Mwalimu, nikuletee chai?"

"Basi."

"Mguu unauma?"

"Basi."

"Baba, unanijua mimi?" binti yao aliuliza, akiwa amepiga magoti mbele ya kiti.

"Basi," akasema, machozi yakimlengalenga, na ilikuwa wazi kama mchana kwamba anamjua.

Ajabu ni kwamba neno hilo moja lilikuwa na sauti zote. Kulikuwa na basi ya hasira, na basi ya kuomba, na basi ya kusema nisogezee mto. Tena kulikuwa na basi nyingine ndogo, ya chini kabisa, aliyoitoa akiwa amegeukia ukuta. Hiyo ndiyo Mama Pindo hakuipenda.

Hospitali iliwapa mtaalamu wa matamshi, dada mmoja mwembamba mwenye saa kubwa mkononi. Alimweleza Mama Pindo bila kuzungukazunguka.

"Maneno hayajafutika, mama. Yamo. Njia ya kuyatoa ndiyo imeharibika, na sisi tunatafuta njia ya pembeni. Mkono wa kushoto unapiga, mdomo unafuata. Kipigo kimoja, silabi moja. Tazama." Akapiga meza kwa kiganja. "Ma-ji. Cha-i. Haya, Mwalimu, pamoja na mimi."

Mwalimu alimtazama, akatazama meza, akatazama dirisha. Mtu mzima aliyewagongea wengine silabi maisha yake yote, leo anagongewa ma-ji na mtoto wa juzi! Hakuinua hata kidole. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Yule dada hakukasirika. Alifungua saa yake, akaifunga tena, akasema, "Mama, nenda nyumbani ukanitafutie kitu kimoja. Kitu alichokisema mara nyingi mpaka mdomo unakwenda wenyewe. Kwa wengine ni sala. Wengine ni kuhesabu, wengine wimbo. Ukikipata, tutaingilia hapo."

Mama Pindo alirudi nyumbani akajaribu. Kuhesabu kulikwama kwenye "mo". Sala ilimfanya atikise midomo bila sauti. Wimbo usiseme, Mwalimu tangu ujana alikuwa akiimba watu wanatoka nje. Alimjaribu kwa siku za juma, kwa majina ya ndugu zake, hata kwa tangazo la sabuni lililokuwa likirudiwa redioni. Kila kitu kiliishia basi.

Ndipo wifi yake alipokuja. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu, mama mwenye mwili na sauti ya kuulizia habari kutoka nyumba ya tatu. Alimpenda mdogo wake kufa, na alikuwa na nyumba kubwa isiyo na ngazi. Alikaa kitandani mwa Mwalimu, akamfuta kwa leso mdomo ambao haukuhitaji kufutwa, akasema:

"Wifi, mimi sitaki ugomvi. Wewe una kazi zako. Mteja akija unaondoka, ndugu yangu anabaki peke yake anatazama dari. Kwangu atakaa kivulini, atalishwa, atapumzika. Ametumika vya kutosha. Mwisho wa mwezi nakuja na gari."

"Nipe muda kidogo, wifi."

"Muda wa nini?"

"Sijui bado," akasema Mama Pindo, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

Hata binti yao, aliyefanya kazi duka la dawa na kuja kila mwisho wa juma, alikuwa upande wa shangazi yake. "Mama, wewe mwenyewe umekonda," alisema. "Hakuna atakayesema umemtupa baba." Mama Pindo aliinua sindano kwenye mwanga. Alikuwa anatunga uzi, na mtu anayetunga uzi hasemeshwi.

Siku mbili tatu baadaye alikuwa anashona mashuka ya mteja, mishono mirefu iliyonyooka isiyotaka mawazo. Pedali ilikuwa inakwenda kwa mwendo wake, na yeye alikuwa anatia maneno juu ya mwendo ule bila kujisikia, kama watu wanavyofanya. Alipofika mwisho wa shuka, cherehani ikanyamaza, akaisikia sauti yake. Alikuwa anasema: parlo, parli, parla.

Alikaa palepale, mkono juu ya gurudumu. Yeye, ambaye hakujua hata kuomba maji kwa Kiitaliano! Kama maneno yale yameingia kwake kupitia ukuta wa tofali, je, aliyeyasema mwenyewe kila siku, asubuhi na jioni, kwa vizazi vya wahudumu na wapishi?

"Hiyo ndiyo sala yake," akasema kwa sauti.

Baada ya chakula cha mchana alitoa kitabu cha Mwalimu kabatini, akavaa miwani, akavuta kigoda mbele ya kiti cha mumewe. Mwalimu alipoona jalada aligeuza uso. Mama Pindo hakujali, akafungua ukurasa wenye alama za chaki na kuanza kusoma, kidole kikifuata mstari.

"Parlo. Parli. Parla." Hapa hakuna tabu. "Par-li-a-mo."

Uso wa Mwalimu ukarudi mbele. Silabi zilikuwa nne, na palipaswa kuwa tatu.

"Parlate. Par-LA-no."

Mwalimu alifumba macho kama mtu aliyetafuna mchanga.

"Nini? Nimekosea?"

"Basi!"

Mama Pindo aliishusha miwani. Basi hiyo alikuwa hajaisikia tangu chaki ianguke. Haikuwa ya kuomba, wala ya mto, wala ile ya ukutani. Ilikuwa basi ya darasani, ile aliyoisikia kupitia ukutani kila mwanafunzi alipoharibu. Nusura acheke kwa furaha.

"Haya, nikosoe," akasema. "Par-LA-no."

Mwalimu alipiga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto. Pigo zito, kisha mawili mepesi. Zito, jepesi, jepesi. Akafungua mdomo, shingo ikamtoka mishipa, kilichotoka kikawa basi. Akapiga tena. Mama Pindo hakuelewa, lakini kitu kimoja alikielewa: mkono uliokataa kupiga ma-ji na cha-i sasa unapiga, na hakuna aliyeuomba.

Walifanya hivyo kila mchana. Binti yao alipokuja akakuta baba yake ana jasho usoni na mama yake ameshika kitabu kichwa chini miguu juu kwa hasira, alikuja juu.

"Mama, unamtesa! Hajui hata kusema maji, wewe unamletea Kiitaliano?"

"Muulize kama anataka niache."

Binti akamgeukia baba yake. "Baba, aache?"

Mwalimu akapiga kiti: zito, jepesi, jepesi. Halafu akamtazama mkewe na kumwonyesha kitabu kwa kidevu.

"Umemsikia," Mama Pindo akasema. "Kaa chini au nenda kachemshe chai."

Maana ya vile vipigo aliipata akiwa anapiga pasi. Alikumbuka somo moja la zamani, Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wapya nyuma ya ukuta. Sisi, alikuwa akisema, ulimi wetu umezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikiri hata kidogo. Lakini nanyi mnayajua maneno yasiyofuata sheria. Mkisema gari limepita ba-ra-BA-ra, mmesema njia. Mkisema kazi imefanyika ba-RA-ba-ra, mmesema sawasawa. Herufi ni zile zile, umehamisha uzito tu. Na Waitaliano hufanya hivyo mchana kutwa, hasa wakisema habari za watu wengi. Msiwaletee mkazo wa nyumbani.

Mama Pindo aliinua pasi kabla haijaunguza kola. Zito, jepesi, jepesi. Uzito unakaa mwanzoni!

Mchana ule alikaa mbele ya mumewe akiwa na hakika, akasema vizuri, kwa fahari kidogo: "PAR-la-no."

Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. Akaegemea kiti. Akatulia. Na hakufungua mdomo tena mpaka jua likazama.

Hilo lilimkera Mama Pindo kuliko kushindwa. Alilala nalo, akaamka nalo. Asubuhi, akiwa anakata kitambaa, likamjia: alipokosea, Mwalimu alipigana. Alipopatia, Mwalimu alistarehe kama mwalimu yeyote ambaye kazi yake imekwisha. Sasa, mwanamke huyu ambaye hakuwahi kuacha mshono uende kombo hata chini ya bitana, ambako hakuna jicho linalofika, akaamua kukosea, tena kukosea kwa makusudi, kila siku, mpaka kieleweke.

Haikuwa rahisi. Ulimi ukishajua njia hautaki kurudi nyuma. Ilimbidi ajikaze kisabuni aseme par-LA-no kwa uso mkavu, kama mtu asiyefundishika. Mwalimu alipiga kiti. Alipiga goti lake. Siku moja alipiga bakuli la uji likaenda chini. "P," alisema. "Pa." Halafu basi ikaja kumpora neno mdomoni. Mama Pindo akafuta uji, akavaa miwani, akakosea tena.

Siku yenyewe hawakuwa hata wamekaa kusoma. Mteja mmoja, mama mwenye duka la vyombo, alikuwa amesimama chumba cha mbele kwenye gauni lenye pini, mikono juu, na Mama Pindo alikuwa chini anapima urefu, pini nne midomoni. Kutoka sebuleni ilisikika basi ile ndogo, ya ukutani. Mama Pindo aliisikia. Hakuinuka. Alisukuma pini upande mmoja wa mdomo, akasema kwa sauti, bila kugeuka:

"Par-li-A-mo! Par-LA-te! Par-LA-no!"

"PAR-la-no!"

Ilitoka sebuleni, nzima, kavu, yenye ukali wote wa darasa la jioni. Mama Pindo akatema pini chini.

"Kuna nini?" mteja akauliza, mikono bado juu. "Nani amepiga kelele?"

"Mume wangu," akasema Mama Pindo, akiwa amekaa sakafuni kati ya pini zake, machozi yakimtiririka. "Mume wangu amenikosoa."

Alimwacha mteja palepale, akaingia sebuleni. Mwalimu alikuwa amekaa wima, kiganja cha kushoto kimeshika kiti, na ameogopa kama mtu aliyesikia sauti ndani ya nyumba yake na hajui ni ya nani.

"Tena," Mama Pindo akasema.

Alipiga. "PAR. La. No."

"Tena."

Baada ya hapo vitenzi vilikuja, si kwa mafuriko, bali kwa kusukumana mlangoni. PREN-do-no, wanachukua. LEG-go-no, wanasoma: g mbili, moja inafunga silabi ya kwanza, nyingine inafungua ya pili, na Mwalimu hakuvumilia ziunganishwe. Par-lia-mo ilimchukua Mama Pindo siku kadhaa, kwani ulimi wake ulitaka kuikata li na a kama vitu viwili, naye Mwalimu akawa anakutanisha vidole viwili mbele ya macho yake kumwonyesha: pamoja, pamoja! Hapo Mama Pindo hakuwa anaigiza. Alikuwa anakosea kweli, na alikosolewa kweli.

Siku moja Mwalimu mwenyewe alichagua kitenzi. Aliburuta mguu mpaka chumba cha mbele, akasimama kando ya cherehani, akainyooshea kidole cha kushoto.

"Fundi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Akapiga meza ya cherehani mara mbili. "KU-che."

"Kuche ni nini?"

Akaonyesha sindano, uzi, mikono yake. Anashona. Kinaandikwa cuce, alimwonyesha baadaye kitabuni, na wingi wake ni cuciono, KU-cho-no, ile i inamezwa haihesabiwi. Mama Pindo aliinama akajifanya anatafuta bobini ya uzi iliyoanguka, na alichukua muda mrefu kuipata.

Mtaalamu wa matamshi hakujua neno la Kiitaliano. Alisikiliza PREN-do-no na LEG-go-no mdomo wazi, kisha akafanya kazi yake. "Mlango umefunguka," akasema. "Sasa tupitishe mizigo ya nyumbani. Mkono ule ule, mpangilio ule ule. Nataka, unataka, anataka." Mwalimu safari hii hakutazama dirisha. Alikuwa amepewa kitenzi na nafsi zake, na hiyo ilikuwa kazi ya mtu mzima.

"Na-ta-ka," alisema nyumbani siku chache baadaye, mbele ya sahani, kiganja kikipiga meza. Mama Pindo akaacha kijiko hewani. "Na-ta-ka chu-mvi."

"Daktari amekataza."

"Basi!" akasema Mwalimu, na wote wawili wakacheka mpaka chakula kikapoa. Chumvi hakupewa.

Ujanja wa Mama Pindo ulifichuka kwa uzembe wake mwenyewe. Binti yao alijaribu kusoma ukurasa ule kwa kufurahisha, akasema par-LA-no, na Mama Pindo, mkono ukiwa kwenye kola ya shati, akamrukia: "PAR-la-no, mwanangu, uzito mwanzoni." Mwalimu akamgeukia mkewe taratibu.

"U-na-ju-a!"

"Nilijua zamani," Mama Pindo akakiri.

Mwalimu akafikiri. Akahesabu, labda, mabakuli ya uji. Kisha akatikisa kichwa, mabega yakamtikisika, akacheka kicheko cha upande mmoja wa uso.

Wifi alikuja na gari kama alivyoahidi, tena na godoro jipya nyuma. Aliwakuta wote sebuleni: binti yuko, Mama Pindo yuko na futi shingoni. Akaanza kufungasha mashati ya ndugu yake huku akisema. Alisema juu ya kivuli, na juu ya msichana aliyemweka tayari, na jinsi wifi yake alivyojitahidi, Mungu anaona, lakini mgonjwa anataka utulivu, hataki kufundishwafundishwa. Binti akasema ndiyo, shangazi, lakini baba sasa anasema maneno. Wifi akasema maneno gani, kila nikipiga simu nasikia basi.

Mama Pindo alikuwa na maneno mengi kooni. Angeweza kumjibu, na ulimi wake ukichomolewa ulikuwa na makali. Lakini aliona mkono wa kushoto wa Mwalimu umeinuka kutoka kwenye goti. Akang'ata midomo kama ameshika pini. Binti alipofungua kinywa kumsaidia baba yake, mama yake alimkazia macho, akanyamaza.

Mkono ukapiga kiti. Pigo zito, mawili mepesi, na moja peke yake.

"A-bi-to. Kwi."

"Anasema nini?" wifi akauliza, shati mkononi.

"Sijui," akasema Mama Pindo. "Hicho hatujafika."

Mwalimu akawatazama wote watatu kama anavyotazamwa mwanafunzi ambaye hakufanya kazi aliyopewa. Akavuta pumzi. Akapiga tena, polepole, safari hii kwa mpangilio wa nyumbani.

"Na-i-shi." Akapumzika. "Ha-pa."

Wifi alikaa chini juu ya mashati. Sauti yake yote ilimwishia. Baadaye ikarudi ndogo, ya msichana: "Ndugu yangu amesema." Akalia bila leso, akamshika mdogo wake mkono uliolala na ule unaofanya kazi, yote miwili. Godoro waliliteremsha wakaliweka mahali pa lile la zamani. Na mashati aliyarudisha kabatini mwenyewe, akiyakunja vibaya, na Mama Pindo alisubiri aondoke ndipo akayakunja upya.

Mwalimu hakurudi chuoni. Mkono wa kulia ulibaki vile, na siku za uchovu maneno yalijificha yote, ikabaki ile moja. Wanafunzi wachache waliomba kuja Jumamosi, wakakaa chumba cha mbele kati ya nguo za watu, na walisema anafundisha vizuri kuliko zamani kwa sababu sasa hawezi kuharakisha. Mama Pindo aliendelea kushona, akiingilia pale tu mtu alipompelekea Mwitaliano mkazo wa nyumbani.

Vita vyake vilihamia mitaani. Watu hawana subira na mtu anayepiga silabi. Wanammalizia sentensi, wanamwitikia ndiyo ndiyo, wanamgeukia mke. Kwa hiyo alianza kwenda naye kila mahali, dukani, kinyozi, posta, akisimama hatua moja nyuma yake.

Siku moja waliingia duka la vitambaa kununua bitana ya bluu ya koti la mteja. Duka lilijaa. Muuzaji, mkasi mkononi, akamsalimia Mama Pindo juu ya bega la mumewe: "Leo tunakata nini, mama?"

"Muulize yeye."

Mwalimu akaweka kiganja juu ya meza ya kukatia. "Na-ta-ka…"

"Bitana? Ya bluu? Ya pamba?" muuzaji akamsaidia, macho kwenye kikaratasi alichoshika Mama Pindo.

"Mwache amalize," Mama Pindo akasema.

"Mama, kuna foleni."

"Naiona."

Mtu mmoja nyuma akakohoa. Mwalimu alifumba macho, kiganja kikagonga ubao mara moja, mara mbili, mara tatu bila neno kutoka, na Mama Pindo hakusogea, hakumsaidia hata kwa nyusi.

"Ki-ja-ni," Mwalimu akasema.

Muuzaji akamtazama Mama Pindo. Bluu ndiyo iliyokuwa imeandikwa kwenye kikaratasi kile, aliona wazi.

"Kijani ya nini, Mwalimu?" mkewe akauliza.

"Sha-ti." Akagonga kifua chake kwa kidole. "La-ngu."

"Umemsikia," akasema Mama Pindo, akavua futi shingoni na kuanza kumpima mumewe mabega mbele ya watu wote. "Mita mbili na nusu. Na ukate kwa kunyoosha, nitalitazama pindo."